Kuazima Mkataba

Juzi niliwaona akina mama wamekaa nje ya geti la kiwanda cha kahawa, wakisubiri kuitwa kazini, nikamkumbuka mama yangu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alirudi mapema kutoka kuchambua kahawa kiwandani, kanga yake ikinukia maganda. Aliketi kizingitini akasema, "Mkataba umekwisha." Nyumbani tulizungumza Kinyambo, na neno hilo la Kiswahili sikulijua. Kwangu, vitu vya kwisha vilikuwa chumvi na mafuta ya taa. Nikachukua bakuli, nikakimbilia dukani kwa Bi Zuhura.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mama anaomba mkataba kidogo, atarudisha."

Bi Zuhura hakunicheka. Alifunga duka, akanishika mkono hadi nyumbani, akamsimulia mama. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Leo, nami nikiishi kwa kazi za mkataba, najua hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Mama Koku," Bi Zuhura akasema, "jiko langu la nyuma limelala tu. Njoo uwapikie watu wa gulioni."

"Na kiwandani wakiniita tena?"

"Nenda. Wakikurudisha nyumbani, utalikuta jiko."

Siku ya gulio harufu ya ndizi na maharage ilijaa uani, na sufuria ikakombwa mapema.

Msimu uliofuata kiwanda kilimwita, akaenda. Kilipowasimamisha tena, wenzake walibaki getini wakinung'unika. Yeye alikuja moja kwa moja jikoni, akakunja mikono ya blauzi, akaniuliza kama vitunguu vipo.