Nilikata matangazo kwenye misa ya mtandaoni, nusura nimkoseshe mama macho yake

Wakuu, salamu nyingi kutoka Kamina, Haut-Lomami, Kongo.

Leo naandika kwa shukrani, na kidogo kwa aibu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Kiswahili changu ni cha Katanga, nimekipiga pasi kidogo ili mnielewe. Pale kinapokunjamana mtanivumilia.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda sokoni na paneli moja ya sola juu ya bati. Naishi na mama yangu kambi ya reli, kwenye nyumba aliyotuachia baba.

Mama ni Mkatoliki wa kutokosa misa. Mvua, jua, homa, yeye yuko benchi la pili upande wa akina mama. Lakini macho yake yakaanza kuingia ukungu, ule ugonjwa wa mtoto wa jicho, na barabara ya kwenda parokiani ina mashimo ya kutisha hata sisi tunaoona. Alipoanguka mara ya pili tukakubaliana asali nyumbani.

Kwa bahati nzuri kuna ndugu wawili hapa parokiani wanaorusha misa ya Jumapili live. Simu moja, kijiti kimoja cha kuifungia, basi.

Sasa sikieni Jumapili ya kwanza.

Nimeweka simu mezani, mama amevaa kitenge chake cha shirika, amepiga magoti kwenye mkeka. Tumefika kwenye mageuzo, pale mkate unapogeuka mwili wa Kristo. Padri ameinua hostia, kimya kabisa. Mara simu ikalipuka: muziki, na mwanaume mmoja anapiga kelele kwa Kifaransa kwamba ukibeti leo utashinda leo.

Mama hakuwa anaona skrini. Aliposikia sauti imenyamaza, akajibu kwa heshima zote:

"Amina."

Kisha akanigeukia. "Padri anasema nini pale? Ile sauti haiko yake."

Wakuu, sikucheka. Niliona hasira mpaka masikio yakapata moto. Mama yangu yuko magotini, na magoti yenyewe yanamuuma, halafu mtu wa kamari anampokea ile Amina. Siku hiyo hiyo nikaweka adblock, ile app ya kuzuia matangazo, kwenye simu ya mama. Yale matangazo yanayotupwa na mtandao wenyewe yakaisha.

Najua hapa wapo watakaosema adblock ni wizi, na wapo watakaosema ni haki ya mtu. Tulieni kwanza. Kosa langu halikuwa hilo.

Kambini kwetu mtandao Jumapili asubuhi ni wa kubahatisha, na mega za intaneti ni ghali kwa wazee. Kwa hiyo tukapata utaratibu wetu. Mimi naenda mjini karibu na mnara, nashusha misa nzima kwenye simu yangu. Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua kibanda napita nyumba kwa nyumba, kwa wazee na wagonjwa, nawarushia kwa Bluetooth, nikianza na mama yangu. Mtu anasikiliza misa yake wiki nzima, anarudia mahubiri anavyotaka.

Nyumba ya nne kutoka kwetu ni ya Papa Banza. Huyu ni mzee wa reli, alistaafu zamani. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli pale stesheni ili treni ishike njia yake. Mke alishafariki, watoto wako Lubumbashi. Na yeye macho yalikuwa na ukungu uleule wa mama. Alikuwa ananisubiri mlangoni kila Jumatatu, simu ameifuta kwa shati.

Basi, kuna matangazo ya aina ya pili. Wale ndugu wawili, wakati waumini wanapanga mstari kupeleka sadaka, wanaweka matangazo ya watu wa hapa hapa Kamina. Duka la mikate. Mama mmoja anayeshona nguo za komunyo. Baa moja, na bia yake baridi. Halafu yale ya kusomwa: nani amepoteza kitambulisho, nani anatafuta ndugu yake aliyetoka Mulongo. Hayo ndiyo yanawalipia ile live.

Mimi nikasema, bia ndani ya misa? Hapana. Nina app ya kukata video, na matangazo yanakaa palepale kila Jumapili, baada ya maombi ya waamini. Nikawa naweka alama mwanzo, naweka alama mwisho, nafuta. Hata kuyasikiliza nilikuwa siyasikilizi. Misa inatoka safi kama sahani ya padri.

Wazee wakanisifu. "Misa ya kwako haina fujo." Na mimi kichwa kikavimba, nikajiona nusu shemasi.

Nilifanya hivyo karibu miaka miwili.

Sasa Jumatano moja akaja kibandani Mama Fifi, yule yule anayeshona nguo za komunyo. Simu yake ilikuwa haishiki chaji. Mimi natafuta tatizo, yeye analalamika. Mama Fifi akianza kulalamika unaweza kupika maharage yakaiva. (Kwetu "minyi" ni mimi, "weye" ni wewe, "njo" ni ndiyo.)

"Minyi nauliza tu. Bantu ba Kamina muzima banakuya kushonesha kwangu juu ya ile tangazo ya mu misa. Ba kambi ya reli ata mumoja hapana. Banyinyi hamuvalake manguo?"

Nikainamisha kichwa kwenye simu yake kama daktari mwenye kazi ngumu. Ningemwambia nini? Kwamba uso wake naufuta kila wiki?

Akaendelea, safari hii kwa upole. "Na mama yako, alishaenda kujiandikisha juu ya macho?"

"Macho ya nini?"

Akanitazama. "Ile banasomaka kisha ya kwangu. Docteur wa macho anakuya toka Lubumbashi, anatosha ile ukungu, anaitoa yote. Hawalipishe. Kujiandikisha inaisha leo. Weye njo unagawaka misa, haukusikia?"

Wakuu, bisibisi ilinianguka.

Nikafungua simu yangu, sehemu ya vitu vilivyofutwa. Kipande cha Jumapili ile kilikuwa bado kipo. Nikakisikiliza kwa mara ya kwanza. Mkate, Mama Fifi, bia, halafu sauti ya sista wa kituo cha afya, taratibu kabisa, kama anayeongea na mama yangu mwenyewe: wote wenye mtoto wa jicho waje wajiandikishe, mwisho Jumatano jioni. Nikafungua cha Jumapili iliyotangulia. Sista yule yule. Na ile nyingine kabla yake.

Mara tatu yule sista alimwita mama yangu, na mara tatu nilimziba mdomo kwa kidole changu.

Nilimwachia Mama Fifi kibanda na funguo zake. Sikumwomba, yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti changu akasema, "Enda, minyi nitachunga." Nikapanda baiskeli.

Mama nilimkuta uani anachambua maharage kwa vidole, maana macho hayakumsaidia tena. Nikamwambia twende kwa masista, mambo ya macho. Hakuuliza. Alinyanyuka, akajipangusa, akakaa nyuma ya baiskeli kwa upande kama zamani alivyokuwa akipanda ya baba, akanishika shati.

Tukapita mbele ya Papa Banza. Alikuwa amekaa nje, simu sikioni, anasikiliza misa. Nilipiga kengele ya baiskeli kumsalimu. Akanyanyua mkono upande ambao sikuwepo. Nikapita.

Kumbukeni hapo.

Kituoni tukakuta sista anafungasha vitu vyake. Akaangalia macho ya mama kwa tochi, akaandika jina lake. Lilikuwa la mwisho kwenye daftari lake. Alisema zimejaa nafasi zote, kisha akalifunga. Nilimshukuru mpaka akaniambia basi inatosha.

Tunarudi polepole, mimi nimeshuka nasukuma baiskeli, mama amekaa. Moyo mwepesi. Mama ananiuliza, "Na Banza, ulimwandikisha tayari?"

Nikasimama.

Nilimsalimu yule mzee kwa kengele, wakuu, na haikunijia kabisa. Nilimpita nikikimbilia kitu kile kile anachokihitaji.

Nikamfikisha mama nyumbani, nikamchukua Papa Banza bila kumweleza vizuri, nikarudi naye mbio. Sista alikuwa bado yupo. Alituhurumia, lakini alikataa. Daktari ana siku tatu tu na vifaa ni vya hesabu. Watarudi tena, lini hajui, akijulishwa atatangaza. "Tutatangaza mu misa," akasema. Nikatazama chini.

Siku ya mama ilifika. Jicho moja kwanza, ndivyo wanavyofanya. Kesho yake wakamfungua kitambaa. Mimi niko mbele yake nimeshika mfuko wa dawa. Akapepesa, akanitazama muda mrefu, akanigusa kichwa. Kwetu mama humwita mwanawe Papa.

"Papa, weye njo uko na imvi hivi? Minyi nilikuwa nawaza uko kijana."

Nililia pale pale mbele ya wagonjwa wengine, sioni aibu kusema. Miaka mitatu mama yangu alikuwa hajaniona uso. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari ambaye hata jina lake sikulishika, namshukuru sista. Na Mama Fifi namshukuru zaidi ya wote, kwa sababu yeye hakuwa na deni lolote na mimi. Nilikuwa namfuta kila wiki, na yeye alikuwa anamkumbuka mama yangu.

Nilimwendea nikamwambia ukweli. Alinitukana kidogo, kihalali. Kisha akaniambia nimletee mama apimwe kitambaa cha Pasaka.

Nikamweleza mama pia. Yeye hakunitukana. Alisema kwa Kiluba, "Wafwako," asante, lakini alikuwa anamwambia Mungu. Halafu akaniambia, "Sasa enda kwa Banza. Umuambie weye mwenyewe. Usinitume minyi."

Hiyo ndiyo safari iliyokuwa nzito. Nyumba nne tu, wakuu.

Nilimkuta Papa Banza ndani. Nikamwambia yote. Kwamba misa niliyompa ilikuwa imekatwa, tangu siku ya kwanza. Kwamba tangazo la macho lilikuwamo. Kwamba siku ile nilipita mbele yake na mama nyuma ya baiskeli. Nikamwomba msamaha.

Nilitamani anipige.

"Miaka mbili unaniletea misa," akasema. "Batoto bangu benyewe hawakufanya vile. Nikukasirikie juu ya siku moja?"

Nikaanza kushukuru, akaninyanyulia mkono.

"Ngoja. Minyi kazi yangu ilikuwa kugeuza reli, treni ipite. Sikukuwa naingia mu mavagon kuchagua nani ashuke. Unanisikia? Macho njo inakufa. Masikio iko. Minyi njo nitachagua. Uniletee yote, ata ile ya bia."

Mpaka leo sijasikia mahubiri yaliyonishika kama yale.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Hasira yangu ya siku ile ya kamari ilikuwa ya haki, na siifuti. Nadhani mtandao ungekuwa na adabu ungeacha mageuzo yapite. Lakini kutoka kumkinga mama na mtu wa kamari mpaka kuwaamulia wazee wa kambi nzima nini kiingie masikioni mwao, nilivuka njia bila kutazama. Hakuna aliyenituma. Nao wale ndugu wawili, matangazo niliyoyaita fujo ndiyo yaliyokuwa yanaleta misa yenyewe. Nilikuwa nakula ugali nikimtukana aliyetwanga.

Sasa misa ya kambi inatoka nzima. Adblock kwenye simu ya mama nimeiacha kwa matangazo yanayotupwa na mtandao, hapo bado nafsi yangu haijatulia, kwa sababu nasikia hata hayo yanawapa wale ndugu chochote kidogo. Mama anasema niitoe, sasa anaona, akimwona mtu wa kamari atamjua. Wenye elimu ya haya mambo nisaidieni: mngekuwa mimi mngefanyaje? Na mwenye mzee nyumbani anayemchujia habari, naye aje atuambie kama alishamuuliza mzee mwenyewe.

Papa Banza bado haoni. Kila Jumapili, nikishashusha misa, nasikiliza mkate, nasikiliza Mama Fifi, nasikiliza bia, mpaka neno la mwisho, nikitafuta sauti ya yule sista. Bado hajaita.