Udi wa Darasa la Jioni

Niliamini kabisa kwamba wasahihishaji wa mitihani kule Nairobi huinusa karatasi kabla ya kuisoma, na ikinuka punda, basi umeanguka. Aliyeniambia ni mwenzangu wa kazi pale mtaani kwetu Langoni, tena kwa kiapo.

Nami kibarua changu kilikuwa kupakia punda mawe na mchanga wa kujengea. Nilinuka hadi punda wenyewe wakinipisha njia! Kwa hiyo ile saa iliyobaki kabla ya darasa la jioni, nilikokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa taifa, badala ya kufanya hesabu, nilioga, nikajifukiza udi, nikayafukiza na madaftari.

"Mwanangu, waenda kusoma au waenda kuoa?" mamangu alikuwa akinicheka mlangoni. Ah, siku zile! Mtaa mzima ulijua nimepita.

Mtihani wa majaribio wa hesabu nikaanguka. Nikamwendea mwalimu wetu, mtu wa bara aliyewahi kusahihisha mitihani ya taifa, nikamweleza kwamba udi haukutosha.

Alikohoa kwanza kwa harufu ya udi. "Bwana, hakuna anayenusa karatasi. Tunasoma majibu, na yako hayakuwa sahihi. Hiyo saa ya udi, fanya hesabu."