Dalali na Siku Kumi za Ulaya

Nunow Warfa amekuwa dalali wa mifugo katika soko la Garissa kwa miaka thelathini na moja, na mtu akimwambia kwamba ngamia huyu ana miaka sita, yeye humfungua ngamia mdomo akamtazama meno. Si kwamba anamshuku mtu. Ni mazoea tu, kama wengine wanavyokohoa kabla ya kubisha hodi. Ndiyo maana yule kijana kutoka Nairobi, aliyevaa fulana yenye nembo ya klabu moja kubwa ya Ulaya, alipata taabu naye.

Kijana alikuwa akizunguka mjini kutafuta watoto wa kambi ya soka. Siku kumi za mazoezi Hispania kwenye uwanja wa klabu yenyewe, pamoja na jezi na cheti. Alikuwa amemwona Iftin, mtoto wa mwisho wa Nunow, akicheza kwenye vumbi nyuma ya shule.

"Mzee, mtoto wako amechaguliwa," alisema.

"Na waliokataliwa ni wangapi?"

Kijana alicheka, akatoa karatasi ya kambi yenye picha nyingi. Gharama yote, Nunow alipoipima kwa kipimo anachokielewa, ilikuwa ngamia wanne wakubwa, na mwenye kulipa ni mzazi.

Iftin, miaka kumi na mitano, hakuomba kitu. Angeomba ingekuwa nafuu, maana anayeomba unaweza kumgombeza. Aliibandika karatasi ile ukutani juu ya godoro lake.

Nyumba ile ina vyumba vinne na watu wawili. Muslimo, mama watoto, alifariki miaka minne iliyopita. Ebla, binti mkubwa, ameolewa Marekani na siku hizi ni sauti ya simu ya Ijumaa. Nunow, ambaye sokoni husikika toka lango hadi lango, akirudi nyumbani huwasha redio kabla hata ya kuvua viatu. Usimcheke. Anaogopa kimya, na hajawahi kumwambia mtu. Iftin akichelewa mazoezini, baba hutoka nje akajifanya anakagua mbuzi, na mbuzi wenyewe ni wawili.

Sokoni hununui mnyama kabla ya kuuliza alikolishwa. Basi Nunow akaenda kwa Duale, mtoto wa jirani, aliyekwenda kambi ile mwaka uliopita.

"Adeer, ilikuwa raha," Duale alimwambia, akimwita baba mdogo kama wanavyomwita vijana wote wa mtaa. "Nyasi kama zulia. Chakula mpaka unachoka."

"Makocha je?"

"Wanafunzi wa chuo. Mazoezi ni yale yale ya mwalimu Jirma, koni tu ndizo mpya."

"Na wachezaji wa klabu mliwaona?"

"Tuliona picha zao. Kubwa sana."

"Uliporudi, nani alikupigia simu?"

Duale alitazama viatu vyake. "Walituma ujumbe. Kwamba naweza kwenda tena mwaka huu, nikilipa."

Nunow alirudi nyumbani akitembea kwa wepesi, hata akamsalimia dalali mmoja aliyekosana naye tangu Ramadhani. Kambi hii ni ng'ombe asiye na meno, mambo yamekwisha. Ni pale alipofika mlangoni ndipo alipogundua kwamba anafurahi, na furaha yenyewe haikuwa na uhusiano na ngamia wanne. Alifurahi kwamba Iftin haendi popote. Akaona haya, peke yake pale, funguo mkononi.

Kuna jambo moja ambalo madalali wa pale hawalifanyi. Dalali hauzi mnyama wake mwenyewe. Bei huafikiwa kwa vidole, mikono miwili imeshikana chini ya shali ili watu wengine wasione, na vidole vya mwenye mali husema uongo hata mwenyewe asipotaka. Ukiwa na mbuzi wako, unamkabidhi mwenzako. Na bei atakayoileta unaipokea. Ukigeuka, hakuna atakayekupa tena mkono.

Basi Alhamisi alikwenda shuleni kwa Jirma, mwalimu wa michezo, Mborana wa Bute ambaye baba yake aliuza ng'ombe maisha yake yote. Nunow alikaa, akalitandaza shali lake juu ya meza, akaingiza mkono chini yake. Jirma alianza kucheka. Kisha akaona uso wa mzee, akaingiza mkono wake.

"Mwalimu, hii kijana nimekupa wewe," Nunow alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe ndio dalali. Ukisema aende kambi, Jumatano ngamia wanauzwa. Ukisema asiende, basi."

Jirma aliushika mkono wa mzee.

"Hiyo kambi ni matembezi, mzee. Kama uko na mali ya matembezi, mpeleke aone dunia, hakuna dhambi. Lakini mpira haiko huko."

"Alhamdulillahi," Nunow alisema, akaanza kuutoa mkono. Jirma hakuuachia.

"Sijamaliza. Kuna shule ya bweni Thika, inachukua wachezaji. Wanasoma na wanacheza miaka tatu, bila karo. Wanamtaka Iftin. Barua iko kwa droo yangu tangu mwezi jana."

"Mwezi jana? Na hujaniambia?"

"Nilishindwa. Garissa yote inajua wewe unaishi na nani."

Hapo Nunow alipiga hesabu ambayo hajawahi kuipiga sokoni: siku kumi kwa miaka mitatu. Ghafla ile kambi isiyo na meno ikawa mnyama mzuri kuliko wote. Siku kumi! Mtoto aende, aone nyasi, apigwe picha, arudi na jezi yake, wale pamoja. Alitamani kusema, basi apelekwe kambi, ngamia wauzwe. Kinywa kilinyamaza, lakini chini ya shali vidole vyake vilikuwa vimeanza kumminya Jirma.

Jirma aliviacha mpaka vikachoka.

"Mzee," alisema polepole. "Dalali ni nani?"

Nunow alitazama dirishani. Watoto walikuwa wakikimbia uwanjani na vumbi lao, naye hakuweza kumtambua wake.

"Ni wewe," alisema.

Januari Iftin akaondoka na sanduku la chuma. Alimkumbatia baba yake haraka haraka, maana rafiki zake walikuwa wakitazama. Ile karatasi ya kambi aliiacha ukutani, na Nunow hakuibandua.

Wiki ya tatu simu ililia. Alikuwa yule kijana wa fulana. Nafasi moja ilikuwa imepatikana, na bei wameipunguza. Nunow alimweleza kwamba mtoto yuko shuleni, Thika, na hatakwenda. Kijana, kama wauzaji wote, hakusikia.

"Lakini ni siku kumi tu, mzee. Siku kumi, halafu tunakurudishia mtoto wako mpaka mlangoni."

Redio ilikuwa ikizungumza peke yake chumba cha pili. Nunow alikwenda akaizima, simu bado sikioni.

"Hebu sema tena," alisema.

"Niseme nini, mzee? Hiyo ya bei?"

"Hapana. Hiyo ya mlangoni."