Glavu za Njano za Muriuki

Ukimtafuta Muriuki Jumamosi jioni, usiangalie katikati ya uwanja. Hapo ndipo alipokuwa zamani. Siku hizi anakaa nyuma ya uzio na mama mkwe wake, chupa ya chai katikati yao. Alifikaje huko? Sogeeni niwaeleze.

Muriuki ni fundi wa magari, ana gereji St Marys, huku ughaibuni. Alinunua gari kuukuu, akang'oa viti na vioo, akachomelea mabomba ndani ili likibingirika dereva asipondeke. Hiyo ndiyo ikawa timu yake ya mbio za magari: mwenye gari yeye, fundi mkuu yeye. Dereva alikuwa Déo, Mkongo wa Bukavu anayekaa Guildford, mtaa mwingine wa mji huohuo, mtu asiyeogopa chochote ila mke wake.

Kiwanja chao ni cha udongo, na vumbi likishapanda dereva haoni mbele. Redio hazikubaliwi kwenye mashindano yao, kwa hiyo fundi mkuu husimama katikati na kusema kwa mikono. Ikiwa juu, mbele kuna ajali, punguza. Ikiwa chini, njia nyeupe, kanyaga. Muriuki alivaa glavu za njano zionekane vumbini, na walishinda sana.

"Patron," Déo alimtania bosi wake, "mimi sina macho. Niko na mikono yako tu."

Siku ya fainali, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Meru kuona wajukuu. Anaitwa Mama Gakii. Mkewe Muriuki, Nkatha, akamleta mpaka pale katikati, gari zikiwa mbioni. Mama akamsogelea kabisa, maana kelele ilizidi.

"Baba Kawira! Hujambo?"

Sasa jamani, kwao mwanamume hamsalimu mama mkwe huku amempa bega. Muriuki aligeuka mzima mzima, akavua kofia, akainamisha kichwa, mikono chini.

"Sijambo, Mama. Karibu sana."

Mama hakuwa na haraka. Akauliza watoto, akauliza kazi. Nyuma ya mgongo wa Muriuki gari moja likateleza, likakaa mkingamo, likaziba njia. Déo akatokea kwenye kona, akatafuta njano, hakuona mkono juu. Akakanyaga.

Bega la Déo lilivunjika, na nyonga pia. Hospitalini Muriuki alishindwa hata kukaa.

"Najua," Déo akamwambia. "Nilitafuta mikono, nikaona mugongo. Ile ni mama mkwe, patron. Ungefanya nini?"

"Ningenyanyua mkono mmoja tu."

"Mbele yake? Kama mutu anafukuza kuku?"

Déo alicheka mpaka bega likamuuma. Muriuki hakucheka. Afadhali angetukanwa.

Basi akaanza kulifufua lile gari. Madereva wengine walikuja kuomba, akawafukuza wote. Alitaka kitu kimoja tu: Déo arudi kwenye usukani. Kila Jumapili baada ya kanisa alipita Guildford. "Gari liko tayari," alikuwa akisema, na Déo alimwongezea wali.

Mwisho Déo akaja mwenyewe gereji, akichechemea, akapapasa boneti.

"Patron, nitarudi."

Muriuki akageukia ukuta, akatafuta kitambaa.

"Lakini usukani hapana. Bega haishiki. Apondi ataendesha." Apondi ni muuguzi wa Campbelltown, Déo alikuwa akimfundisha bila kumwambia Muriuki. "Mimi nitasimama katikati."

"Katikati nasimama mimi, Déo."

Déo akafuta vumbi kwenye boneti.

"Apondi aliniuliza ni nani atamwangalilia. Nilitaka kusema ni wewe. Jina lako likakataa kutoka."

Muriuki akafungua droo, akatoa glavu za njano, zilizofuliwa na kukunjwa, akamkabidhi.

Timu ingali yake. Mama Gakii amekuja tena mwaka huu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ajali ile ilianzia kwenye salamu yake. Jumamosi iliyopita nilikuwa karibu nao. Watu wa kanisa walimwita Déo kutoka kwenye uzio, "Déo! Déo!", wakapunga, wakapiga miluzi. Déo, pale katikati, hakugeuza hata shingo.

Gari moja likapinduka. Glavu za njano zikapanda, Apondi akapunguza, akapita salama. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa namtazama Muriuki. Alikuwa amesimama, mikono yake mitupu iko juu, na pale uwanjani hakuna aliyekuwa akiiangalia.

Mama Gakii akamvuta shati.

"Baba Kawira, shusha mikono, ukae. Chai inapoa."