Joho la Kuazima

Mama Pacha alirudi chuoni kusomea uuguzi akiwa na miaka arobaini na tatu, baada ya kufua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikachubuka kwa dawa ya madoa. Wakubwa wa chuo walimpokea kwa mikono miwili. Mwanafunzi mtu mzima ni mali: hatoroki vipindi, na wageni wakiletwa huwatoa machozi. Basi akapewa mlezi.

Mlezi alikuwa kijana wa ofisi ya udahili, mtanashati, mdomo asali, aliyejifunza kulea watu wazima kwenye semina ya siku mbili. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivaa tai. Kila wiki alimkalisha kwenye kochi na kumuuliza anajisikiaje. Mama Pacha akamwambia hesabu za dozi zinamtoa jasho. Akiona nukta ya desimali tu, kichwa kinagoma.

"Usijali, mama yangu. Jiamini tu. Kufaulu ni kuamua."

Akaamua. Hesabu zikabaki palepale.

Siku moja mlezi akachukua joho la mahafali stoo, akamvika, akampiga picha.

"Lakini mimi sijamaliza," Mama Pacha akasema.

"Utamaliza. Hii ni ya kukutia moyo."

Haikupita wiki, bango kubwa likasimama getini: Mama Pacha na joho lake, meno yote nje, na chini yake maneno UKIPATA MLEZI, UMEFIKA. Mamamkwe wake, aliyekuwa akisema kila siku kwamba mwanawe alioa mke, hakuoa mwanafunzi, aliliona na kupiga vigelegele palepale barabarani. Jioni sebule ikajaa mashoga zake. Mama Pacha akafungua kinywa aseme ukweli.

"Nyamaza, mwanangu," mamamkwe akamkatiza. "Leo nasema mimi."

Tangu aolewe hakuwahi kuitwa mwanangu. Akanyamaza, na utamu wa neno lile ukamponza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia kwenye ubao wa matokeo. Hesabu za dozi alianguka. Marudio yalikuwa mara moja tu. Akianguka tena, anarudi kwenye mashuka, na bango lake getini. Alikimbilia kwa mlezi. Mlezi akamwambia kushindwa nako ni mwalimu, kisha akatazama saa.

Mwalimu mwenyewe wa hesabu hizo alikuwa chumba cha mwisho cha korido: muuguzi mstaafu, mkali kama pilipili, ambaye wanafunzi walimwita Bi Sufuri kwa sababu sufuri ndizo alizogawa bila uchoyo. Mama Pacha aliingia machozi yakimlengalenga.

"Umekuja kulia au kusoma? Kama ni kulia, choo kiko pale." Akamsukumia karatasi yake. "Hapa nukta umeiruka. Mtoto alitakiwa apate moja, umempa kumi. Mtoto wa watu amekufa. Haya, mfufue."

Tangu siku hiyo, kila mchana alimpa bomba la sindano na kikombe cha maji. Dozi aliyoikokotoa aivute mwenyewe, aone kwa macho yake kumi ilivyo nyingi. Akikosea, Bi Sufuri humuuliza mazishi ni lini. Hakumwambia ajiamini hata mara moja.

Nyumbani, Mama Pacha akameza aibu na kumwambia mamamkwe kila kitu. Mamamkwe alinuna siku nzima. Kesho yake akamnyang'anya ufagio.

"Kasome huko! Mashoga zangu nitawaambia nini?"

Akafaulu. Mlezi alimfuata kwenye korido mbio, joho mkononi.

"Mama yangu, nilijua tu! Vaa haraka tupige picha, na mimi nikae pembeni."

"Picha si mnayo?" Mama Pacha akamjibu, akampita.

Aligonga mlango wa mwisho. Bi Sufuri hakuinua kichwa.

"Umeshafaulu. Unataka nini tena?"

"Leo nimekuja kulia, Mwalimu."

Bi Sufuri akamvutia kiti kwa mguu. "Kaa. Lia upesi, nina karatasi za kusahihisha."