Kibuyu cha Jumamosi

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kumpelekea pombe mtu aliyekufa. Kibuyu nilikibeba mimi kichwani. Baba alitangulia na panga, akifyeka majani yaliyoziba njia.

Marehemu alikuwa babu yangu mzaa baba. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kagerankanda, Kasulu, lakini yeye alibaki kaburini kwenye mahame, makazi yetu ya zamani, katikati ya migomba yake, na kibanda cha mizimu cha nyasi ambacho kilinifika kiunoni. Bibi alituonya tangu siku ya kuhama: mzee akikosa pombe atamshika mtoto mdogo kwa homa. Mtoto mdogo alikuwa Imelda, mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea.

Baba alimwaga kidogo mlangoni pa kibanda na kutaja majina ya wazee. Kisha aliketi na mrija wake kumaliza iliyobaki, kwa kuwa pombe ya mizimu hairudishwi nyumbani. Wakati wa kurudi kibuyu kilikuwa chepesi, na mkono wa Baba ulikuwa begani kwangu. Alikuwa mtu mzito. Kila Jumamosi Mama aliipua chungu kabla hatujafika, tangu ile siku Baba alipoangukia mafiga.

Sikumbuki mtu yeyote akimwita mlevi. Alijulikana kama mtoto mwema anayemtunza baba yake.

Mwaka uliofuata alijiandikisha darasa la ubatizo. Mama na sisi watoto tulikuwa tumemtangulia. Mwalimu wa kanisa alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa sauti ndogo. Jumapili moja, mbele ya waumini wote, aliwauliza wanafunzi kila mmoja anataka kuacha nini. Baba alisema yeye hana cha kuacha, maana pombe anayotengeneza ni ya mzee wake.

"Mzee anakunywa kiasi gani, Baba Skola?" mwalimu aliuliza. Skola ni mimi.

"Kidogo tu."

"Na inayobaki?"

"Haibaki," alijibu jirani yetu kutoka benchi la nyuma, na kanisa zima likacheka.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alimuuliza Mama kama na yeye alicheka.

"Nilicheka," Mama alisema. "Siku zote nalia, leo nimecheka."

Juma hilo Baba hakuvundika ndizi za pombe. Lililofuata pia. Asubuhi mikono yake ilitetemeka, na alifoka kwa vitu vidogo. Kila jioni alipiga magoti na kusema sala moja aliyokuwa ameikariri, haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Juma la tatu Imelda alishikwa na homa.

"Nilikwambia, mwanangu," Bibi alisema, bila kupaza sauti. "Unamnyima baba yako, na yeye anakunyima mtoto. Pombe ipo kwa jirani. Nenda."

Mama hakusubiri mabishano. Alimfunga Imelda mgongoni akaondoka kwenda zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Baba alibaki ameketi, anakitazama kibuyu. Mwishowe alitoka nacho, akarudi kimejaa, akaniambia nimfuate. Safari hii alikibeba mwenyewe. Nilijua ameshindwa.

Kwenye kibanda alimwaga, na sikusikia harufu. Yalikuwa maji ya kijito.

"Baba," alisema, "leo nimekuletea maji. Ile pombe nilikuwa nakunywa mimi. Kama una hasira, nishike mimi, mtoto umuache." Alivua kofia. "Na wewe Bwana Yesu, nisaidie. Kiu ninayo hata sasa hivi."

Imelda alipona. Mhudumu wa zahanati alisema ni sindano. Bibi alisema mzee ameyakubali maji. Mwalimu wa kanisa alisema ni Mungu. Kisha Baba alimsimulia yote, hata yale ambayo hakuulizwa, na mwalimu akamwahirishia ubatizo kwa mwaka mzima kwa kosa la kwenda kwenye mizimu. Baba hakubisha. Mwaka huo wote alikaa nyuma, kwenye benchi la wanafunzi, karibu na yule jirani aliyewachekesha watu, na pombe hakuigusa. Hakuigusa tena hadi alipokufa.

Sijajitahidi sana kutafuta nani kati ya wale watatu alisema kweli. Ninachoweza kushuhudia ni kidogo. Kwa miaka mingi Baba alikuwa amemtwika marehemu kiu yake mwenyewe, na sote tulimsaidia kuibeba, mimi kwa kichwa changu. Siku alipoichukua na kusema ni yake, alisema mbele ya wawili aliowaogopa kuliko wote, mzee wake na Yesu, na hakumficha yeyote kati yao.

Siku ile ya maji tulirudi kwa njia ileile. Kwa mazoea niliinamisha bega upande wake, nikatembea hivyo hadi nyumbani. Mkono haukuja.