Shamba Lililotafutiwa Mwenyewe

Jumatatu nililetewa habari kwamba muuza viazi mmoja wa hapa Gisenyi, aliyevuka mpaka wa Grande Barrière kwenda Goma kila asubuhi na beseni kichwani, amefariki akijifungua. Mtoto yu hai, ni wa kiume, na kila aliyenipasha habari alianza na hilo. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Alikuwa na mabinti saba. Mumewe, mwashi mpole, hakumgombeza hata siku moja. Lakini kwetu baba humpa mtoto jina siku ya nane mbele ya majirani, na kila sherehe shemeji wa mama huyu, ndugu wa mumewe, alikula, akanywa, kisha akaaga: “Tutarudi akizaliwa kijana.” Nilihudhuria mbili, nikacheka na wenzangu.

Siku moja nilimkuta Goma, mlangoni pa zahanati. Akanivuta kando.

“Mama, usiseme kwetu. Mi nakuja hapa kupiga sindano ya kuzuia mimba. Kule muuguzi ni wifi yangu.”

Nikamwuliza kwa nini asimwambie mumewe kwamba amechoka.

“Nikikosa kijana, siku bwana anakufa, shemeji anakamata shamba ya Busasamana. Batoto bangu bataenda wapi? Bon, mi sijui tena kama namutafuta huyo kijana ao namukimbia.”

Nilimjibu kwamba Mungu yupo. Jibu hilo linanisuta. Baadaye vita vilipamba moto ng'ambo, mpaka ukafungwa kwa majuma, siku ya sindano ikapita. Kwa wifi hakuthubutu kwenda. Mpaka ulipofunguliwa, alikuwa mjamzito.

Baada ya wote tuliowazika miaka hii, kila nyumba inataka kujaa tena, na simlaumu mtu. Ila mtaani kwangu aliyeanza na wavulana hupumzika mapema. Aliyeanza na wasichana huambiwa bado hajazaa.

Baada ya mazishi shemeji alimpakata mtoto, akasema sasa shamba limepata mwenyewe. Binti mkubwa, aliyeacha shule ili amlee mdogo wake, akauliza polepole, “Na siye benye kulima?” Nami nikaaga, nikaenda zangu.

Ninyi mlio na mabinti, wagawieni ardhi mngali hai, mbele ya mashahidi. Shamba lile lilikuwa na wenyewe saba, na mama yao amekufa akilitafutia mwenyewe.